Vidaka, Misana na Sebule: Historia ya Kupamba Nafasi Finyu

Neno sebule limehama nyumba. Leo ukiambiwa na mtu wa Dar es Salaam au Nairobi "tuketi sebuleni," utapelekwa katika chumba ambamo familia yake hushinda: runinga imo humo, makochi yamo humo, watoto wanafanyia humo kazi zao za shule, na aghalabu meza ya chakula imebanwa kwenye pembe ya humo humo. Katika nyumba za mawe za Lamu na Pate za karne ya 18, sabule, kama walivyotamka Waamu, ilikuwa mahali pa mgeni. Ilijitenga na makazi ya wenyewe, ili mgeni wa kiume, hasa mfanyabiashara aliyengojea pepo za msimu zigeuke, apokewe, ale na alale pasi na kupenya walimo watu wa nyumba. Chumba kilichojengwa ili mgeni asifike ndani sasa kimekuwa ndiyo ndani yenyewe.

Nyuma ya uhamisho huo pana historia ndefu ya namna watu wa mwambao walivyopanga na kupamba nafasi finyu. Nadhani sisi wapenzi wa ushairi tunaihitaji historia hiyo kuliko wengine, maana tunasoma tenzi zilizotungwa na watu waliokaa katika nyumba ambazo wengi wetu hatujapata kuzikanyaga, kisha tunazifasiri kwa akili ya makochi na vigae.

Tuanze na ufinyu wenyewe. Watalii huingia nyumba ya kale ya Lamu wakashangaa jinsi vyumba vilivyo virefu na vyembamba, kana kwamba mjenzi alikata ushoroba vipande. Sababu haikuwa uhaba wa ardhi wala ubahili. Dari za nyumba hizo zilibebwa na boriti, miti ya mikoko iliyokatwa katika vikoko vya Lamu na delta ya Rufiji, na boriti moja haiwezi kuvuka nafasi pana huku ikibeba uzito wa mawe ya matumbawe na chokaa iliyoshindiliwa juu yake. Upana wa chumba ukawa urefu wa mti: aghalabu chini ya mita 3. Urefu wa chumba ungeweza kuendelea kadiri ya mfuko wa mwenyewe, lakini upana uliamuliwa na mkoko. Boriti hizo hizo zilipakiwa majahazini zikapelekwa Oman, Kuwait na pwani nyingine za Ghuba zisizo na miti ya kujengea, na huko nako vyumba vya kale vina wembamba ule ule. Mtu wa Kuwait na mtu wa Lamu walikuwa na tatizo moja la kupanga vitu, kwa sababu ya msitu mmoja.

Basi mtu mwenye chumba cha upana huo anakipambaje? Jibu la Waamu lilikuwa kuacha sakafu wazi na kuhamishia mali ukutani.

Ili kulielewa jibu hilo inafaa tuingie nyumbani kwa utaratibu. Mlangoni kuna daka, yaani ukumbi mdogo wenye mabaraza ya mawe pande mbili, ambapo mwanamume hupokea watu wa mitaani. Njia ya kuingilia imepindwa ili jicho la mpita njia lisione ndani. Unatokea kiwandani, ua ulio wazi juu, na humo ndimo mwanga na hewa vinamoingilia, kwa kuwa kuta za nje karibu hazina madirisha. Kutoka kiwandani vyumba vinafuatana sambamba, kila kimoja nyuma ya mwenziwe na kila kimoja kimeinuliwa kidogo kuliko kilichotangulia: msana wa tini, msana wa yuu, kisha ndani. (Tini na yuu ndizo chini na juu za Kiamu.) Nyuma ya ndani, mwishoni kabisa, ipo nyumba kati. Misana haikuwa na milango ya kuifunga. Ilitengwa kwa pazia, na pazia likivutwa jicho lilitoka kiwandani likapita misana yote miwili hadi kugonga ukuta wa ndani. Wauzaji wa nyumba wa leo wanaotangaza "sebule na chumba cha kulia visivyo na ukuta kati" kana kwamba ni uvumbuzi wa juzi, wangefaidika kwa safari fupi ya Lamu.

Na huo ukuta ambao jicho liliugonga ndio uliobeba fahari yote. Ulikuwa umechongwa zidaka, au vidaka kwa Kiswahili sanifu: matundu yaliyopangwa safu juu ya safu, ya chokaa iliyofinyangwa na kunakshiwa, kutoka karibu na sakafu hadi karibu na dari. Ndani ya matundu hayo zilikaa sahani na bakuli za kaure kutoka China, bilauri, na misahafu. Chokaa nyeupe ilirudisha mwanga haba uliotoka kiwandani, na vivuli vya matundu viliupa ukuta kina, hata chumba kikaonekana kuendelea mbele pale kilipokuwa kimekwisha. Wataalamu waliochunguza nyumba hizi katika miaka ya 1970 na 1980, miongoni mwao Usam Ghaidan, James de Vere Allen na Linda Donley, waliandika pia juu ya imani iliyoambatana na vyombo vile: kwamba kaure ilipokea jicho baya la hasidi kabla halijamfika bibi arusi au mtoto mchanga. Ukuta ulikuwa kabati, pambo na kinga kwa pamoja, na haukula hata shubiri moja ya sakafu.

Hapa ndipo ushairi unapodai haki yake. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, aliyetunga Al-Inkishafi kuhusu kuporomoka kwa Pate, hakuyalilia magofu kwa jumla. Aliyapitia chumba kwa chumba, kwa majina: nyumba kati, kumbi za misana, madaka ya vyombo, na kila mahali akapapa mdudu au ndege wake wa kuparithi. Penye sahani pamelala makinda. Yeyote aliyewahi kuona ukuta wa vidaka anafahamu mara moja ukali wa taswira hiyo, kwa sababu tundu la kidaka ni la kadiri ya kiota hasa. Mtunzi hakulazimika kubuni kitu, alitazama tu. Lakini nimeona zaidi ya mara moja msomaji wa leo akifasiri "nyumba kati" kuwa "katikati ya nyumba." Fasiri hiyo inaua ubeti. Nyumba kati ni chumba cha nyuma kabisa, cha faragha kuliko vyote, ambamo wanawake walijifungulia na maiti za watu wa nyumba zilioshewa. Mende wakivuma mahali hapo, basi mwanzo na mwisho wa ukoo vimepata wenyeji wapya. Ukisema "katikati ya nyumba," unabaki na mende tu.

Utenzi huo huo unatuonyesha vitanda vya matajiri wa Pate vyenye magodoro na mito ya kijani ncha zote mbili. Hii nayo ni habari ya samani. Kitanda katika msana hakikufichwa. Kiliwekwa kwenye ncha ya chumba chembamba, kikatengwa kwa pazia usiku, na mchana kikawa pa kuketi. Pwani ilikuwa na majina ya kutosha kuvitofautisha: ulili wa kamba, pavilao yenye miguu mirefu iliyokerezwa, na baadaye samadari kutoka Bara Hindi. Leo tuna kitanda, na tunakitofautisha kwa futi: tano kwa sita, sita kwa sita.

Fahari ya vyombo haikuishia nyumbani. Kwenye makaburi ya nguzo, kama lile la Mambrui kaskazini mwa Malindi na yale ya Kunduchi karibu na Dar es Salaam, bakuli na sahani za kaure zilipachikwa ndani ya chokaa ya kaburi. Marehemu alipewa ukuta wake wa vidaka.

Unguja ilikuwa na mtindo wake, na tuna bahati kwamba mtu aliyelelewa ndani ya mtindo huo aliuandika. Sayyida Salme binti Said, aliyezaliwa mwaka 1844 katika jumba la Mtoni na baadaye akajulikana Ujerumani kwa jina la Emily Ruete, alichapisha kumbukumbu zake Berlin mwaka 1886. Anaeleza vyumba vya wenye uwezo: sakafu imetandikwa mazulia ya Kiajemi au mikeka laini, kuta nene zilizopakwa chokaa zimegawanywa kwa mashubaka marefu yenye rafu za mbao za rangi ya kijani, juu ya rafu vimepangwa vioo na kaure kwa ulinganifu, na kati ya shubaka na shubaka kuna vioo vya kujitazamia vilivyoagizwa Ulaya, virefu karibu kufika darini. Na saa. Saa zilikuwa kila mahali, juu ya vioo na kandoni mwake, nyumba moja ikiwa na saa nyingi kuliko watu wenye miadi. Chumba chembamba chenye vioo virefu vikitazamana hujiona mara mbili, na sidhani waliovitundika hawakulijua hilo. Kitanda kikubwa cha mbao za India kilikuwapo. Viti na meza vilikuwa vichache.

Uchache huo wa viti na meza unahitaji kutuliwa kidogo, kwa kuwa ndio unaotutenga zaidi na wazee wetu. Mwaka 1331 Ibn Battuta alipofika Mogadishu aliandalizwa wali uliopikwa kwa samli, umewekwa katika chano kikubwa cha mti, kitoweo kikiwa juu yake, pamoja na ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na achari za malimau, tangawizi mbichi na maembe. Karne tano baadaye mpango ulikuwa ule ule kwa misingi yake: kitu kinatandikwa, chombo kimoja kinawekwa kati, watu wanakizunguka. Chumba cha kulia hakikuwapo kwa sababu kila chumba kingeweza kuwa chumba cha kulia kwa muda wa nusu saa. Mkeka ulitandikwa, sinia likafunikwa kawa mpaka wote waketi, birika na bakuli la kunawia vikapitishwa, na baada ya mlo vyote vikaondoka. Mkeka ukakunjwa ukasimamishwa pembeni.

Tazama jinsi lugha ilivyolifuata jambo hili. Kiswahili hakina mkeka mmoja. Kuna jamvi, tandiko pana la kukalisha watu wengi, mkeka wa ukindu uliotiwa rangi, ulioshonwa kwa kuunganisha ukili na ukili, busati, na msala wa sala. Tunapoahirisha mkutano tunasema tunakunja jamvi, hata kama tumeketi juu ya viti vya plastiki. Vitenzi vya nyumba vilikuwa kutandika, kukunja, kutundika, kufunika, vitenzi vya vitu vinavyokuja na kuondoka. Kitenzi cha leo ni kuweka: umeweka kochi, umeweka meza, umeweka kabati. Kilichowekwa hakiondoki mpaka siku ya kuhama nyumba, na siku hiyo ndipo hugundulika kwamba hakipiti mlangoni.

Kiti kilikuwapo, ila kilikuwa na cheo. Kiti cha enzi cha Lamu, cha mpingo, chenye vipande vya pembe au mfupa vilivyopachikwa, kitako na mgongo wa nyuzi zilizofumwa, na pa kuwekea miguu, hakikuwa cha kila mtu. Alikalishwa mgeni wa heshima, au mkubwa katika shughuli. Nyumba yenye viti viwili vya namna hiyo ilikuwa na viti vingi.

Meza ilituijia na jina lake kutoka kwa Wareno, waliofika pwani hii mwaka 1498 na kutolewa Ngome Kongwe ya Mombasa mwaka 1698. Miaka hiyo 200 ilituachia msamiati mdogo ambao, ukiutazama vizuri, ni orodha ya vitu vya chumbani: meza, kasha, bweta, almari, foronya. Kutoka Uajemi tulipata dirisha, takia na roshani, ambayo asili yake ni neno la mwanga. Samani nalo lina asili ya Kiajemi, likimaanisha vitu na vifaa, na wanaoliandika kana kwamba ni pacha wa thamani wanaunganisha maneno mawili yasiyo ya tumbo moja. Waingereza walitupa kabati na kochi. Sofa lina safari ya kuchekesha: ni suffa ya Waarabu, baraza iliyoinuliwa ya kukalia, iliyopita kwa Waturuki hadi Ulaya na kuturudia ikiwa na spriingi. Kwa hiyo anayebomoa baraza ili anunue sofa amelipia neno lake mara mbili. Yetu ya asili ni kiti, kitanda, na lile neno pana kuliko yote, chombo, ambalo ni sahani, ni fanicha, na ni jahazi pia.

Nyumba ya mawe ilikuwa ya wachache. Waliojenga miji ya karne ya 20 waliishi kwingine: katika nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo, Magomeni au Majengo, yenye ukumbi unaopita katikati, vyumba kushoto na kulia, na uani nyuma kwa jiko na choo. Kila chumba kilipangishwa mtu wake, mara nyingi na familia yake. Humo ndimo sanaa ya nafasi finyu ilifikia ukomo wake, na nasikitika kwamba haikupata Ghaidan wake. Pazia lilikata chumba: nyuma kitanda, mbele "sebule" yenye viti viwili, stuli, na kabati la vyombo lenye milango ya vioo. Ndani ya kabati hilo zilipangwa bilauri na vikombe ambavyo mgeni wa kawaida hakupata kunywea. Bibi mwenye kabati hilo alikuwa akiendeleza vidaka vya Pate, awe amesikia habari za Pate au la. Juu ya viti vilitandazwa vitambaa vya kufuma kwa mkono, na juu ya redio kimoja kidogo zaidi. Watu huvicheka vitambaa hivyo siku hizi. Mimi naviheshimu. Ni vitu vyepesi, vinafulika, na vinageuza chumba kizima kwa dakika tano siku ya Idi. Mwana Kupona, katika utenzi wake wa mwaka 1858 hivi, aliona unadhifu wa nyumba unastahili kutajwa katika wosia kwa binti yake, na hakumwagiza kununua kitu.

Kisha zikaja ghorofa. Tanganyika iliunda Shirika la Nyumba la Taifa mwaka 1962. Unguja, majengo marefu ya Michenzani yalianza kupanda chini ya Rais Abeid Amani Karume, kwa msaada wa Ujerumani ya Mashariki, na yangali yamejinyoosha pande mbili za barabara. Katika fleti, mambo matatu yalitoweka kwa mpigo: kiwanda kilicholeta mwanga na hewa, baraza iliyompokea mtu asiyehitaji kuingia, na uani ulioficha moshi na sufuria. Kazi zao zote zilitupiwa chumba kimoja. Sebule ikawa daka, ikawa msana, ikawa pa kulia, na kwa wengi ikawa pa kulala mgeni wa shamba. Sheria nazo zimekuja nyuma yake, ya Tanzania Bara mwaka 2008, ya Zanzibar mwaka 2010 na ya Kenya mwaka 2020, ili mtu aweze kumiliki kwa hati kipande chake cha hewa ghorofa ya saba. Chumba kidogo kimekuwa mali ya kurithisha.

Ndiyo maana namna tunavyokipanga si jambo dogo. Chumba cha mita 3 kwa 4 kinanunuliwa seti ya makochi saba kutoka kwa fundi wa kando ya barabara, iliyonakiliwa kutoka picha ya ukumbi mara nne ya ukubwa huo. Pembeni inasukumwa meza ya watu sita, na katika nyumba nyingi nilizokaribishwa meza hiyo hubeba pasi, vitabu na nguo za kukunjwa, huku wenyewe wakila juu ya mkeka mbele ya runinga. Mkeka umeshinda, ila umebakiziwa sehemu finyu kati ya miguu ya kochi. Wazee wa Lamu, waliokuwa na upana mdogo zaidi ya huo, hawakupata kugongwa ugoko na samani zao.

Jambo moja linaendelea sasa hivi ambalo napenda watunzi waliangalie. Katika fleti mpya za Mombasa, Nairobi na Dar es Salaam, mafundi wa jipsamu wanajenga ukuta wa runinga. Wanachonga matundu kulia na kushoto, safu juu ya safu, wanayapaka rangi nyeupe, wanatia taa ndogo ndani ya kila tundu, na mwenye nyumba anapanga humo vikombe, maua na picha ya harusi. Ukuta mzima unatazamana na mlango, jicho linaugonga pale pale lilipougonga zamani. Fundi huyataja matundu hayo kwa Kiingereza, na mwenye nyumba naye hulipa kwa jina hilo hilo la Kiingereza, kwa kuwa hakuna aliyewaambia kwamba kitu hicho ni kidaka.